Mvula Ipelekwe Ng'ambo

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Papa Constant alikunja suruali hadi magotini, akapanda mtumbwi na kuvuka mto kwenda mjini kufunga mvula, kuizuia mvua isinyeshee mbio za Jumapili. Ndani ya mfuko wa plastiki alibeba kamba ya rafia, kipande cha mkate kilichobaki asubuhi, na shati safi la kuvaa akishafika. Watu wa kamati hawapendi kufungiwa mvula na mtu mwenye shati la matope.

Kufunga mvula ni kazi kama kazi nyingine. Arusi, misa ya shukrani, ziara ya wakubwa, yote haya Kisangani yanahitaji viti vya plastiki, spika na mtu wa mvula, na mara nyingi mtu wa mvula huwahi kufika kuliko viti. Papa Constant alifundishwa na shangazi yake huko Yanonge. Mvula iliyofungwa haifi. Ni lazima ikanyeshe mahali. Kwa hiyo mfungaji hupiga fundo na kuitajia mahali hapo kwa sauti, mara moja tu, na siku ya kulifungua fundo hurudi kusimama pale pale alipolifungia. Miaka yote Papa Constant alikuwa anaipeleka mvula katika msitu wa barabara ya Buta, ambako miti haijawahi kulalamika.

Safari hii Monsieur Hubert, mwenyekiti wa kamati ya mbio, aliukataa msitu.

"Hapana kule, Papa Constant. Mupunga ya mama mukwe wangu banaianika kule, njia muzima, juu ya babâche ya plastiki. Peleka ngambo."

"Ngambo wapi, Président?"

"Ngambo si iko ngambo? Kule unatoka."

Hapa inabidi kueleza neno. Watu wa mjini, walio ukingo wa kulia wa mto, huiita Lubunga ng'ambo. Watu wa Lubunga, walio ukingo wa kushoto, huuita mji ng'ambo. Neno ni hilo hilo, kila upande unamrushia mwenzake, na siku zote limerushwa bila ugomvi. Ila mtu wa Lubunga akiwa mjini, akitaka kutaja nyumbani kwake, husema "kwetu". Hata mlevi hakosei hapo. Lakini Papa Constant alikuwa amesimama mbele ya wakubwa, katika ua wa ofisi ya kamati karibu na bandari, ndani ya shati safi, na adabu yake ilikuwa imezidi hadi kuwa ugonjwa. Alipiga fundo, akarudia neno la mwenyekiti kama lilivyotoka kinywani mwa mwenyekiti.

"Mvula, nenda ngambo."

Mawingu yaliyokuwa juu ya soko yaligeuka, yakavuka mto. Watu wa kamati wakapiga makofi kidogo, wakaendelea kufunga bendera. Papa Constant akavua shati safi, akalikunja na kurudi kwake. Mvula ilimfuata nyuma ya mtumbwi njia nzima, na alipokanyaga Lubunga ikaanza kunyesha.

Bintiye, Aimée, ndiye aliyekuwa anasubiriwa katika mbio hizo. Zilikuwa zianzie bandarini na kuishia Bangboka, uwanja wa ndege, ambako wageni kutoka Kinshasa wangempongeza msichana wa kwanza na kupanda naye ndege jioni ile ile. Huko angeingia kambi ya wanariadha, angekula, angesoma, angekimbia. Ndani ya ndege kulikuwa na kiti kimoja kwa ajili hiyo, na kambi ilikuwa haipokei msichana aliyefika miaka ishirini. Aimée alikuwa na kumi na tisa. Mbio nyingine zikija, yeye angekuwa amekwisha kuzeeka, kwa hesabu yao.

Kila alfajiri alivuka katika mtumbwi wa Tonton Jephté, mdogo wa baba yake, akaikimbia barabara ya Bangboka, akarudi kumsaidia mama yake kuuza samaki. Upande wa kulia walimjua vizuri. Walimwita "ule mutoto ya ngambo", naye aliitika, kwani mtu akiitwa kitu miaka mingi huitika. Katungu, binti wa mfanyabiashara wa jumla katika komini ya Kisangani, mtaa mmoja wa upande huo, alikuwa anakimbia nyuma yake kila siku na kumwambia wazi, bila kinyongo, "Weye haukamatwi." Walikuwa marafiki.

Jumapili asubuhi, barabara mbele ya nyumba yao ilikuwa mto mwingine. Maji yalikuwa yamebeba ndala za jirani na sufuria moja yenye mfuniko. Kutoka mlangoni Aimée aliona mji kule mbele umekaa juani, matofali mekundu ya kanisa kuu yamekauka kabisa, bendera za mbio zinapepea. Mvula ilikuwa imeishia katikati ya mto, imenyooka kama pazia la duka.

Mama Germaine alimwekea lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, akamwambia asile sana. Kisha akaangalia nje, akabadili maneno.

"Kula tu. Mvula iko inanyesha. Hakuna mutu atakuhukumu."

Alikuwa anasema kweli. Kisangani mvula ikinyesha, mtu haendi. Mwalimu haendi, mwanafunzi haendi, na bwana arusi hufika saa anayotaka bila mtu kumnung'unikia. Ukiulizwa kesho yake, unasema "mvula", na mazungumzo yanahamia kwa habari nyingine.

"Mama, mvula iko huku tu," Aimée alisema. "Kule iko jua." Akamgeukia baba yake, ambaye alikuwa hajagusa chakula. "Papa. Jana ulisema wapi?"

Papa Constant aliangalia kidole gumba cha mguu wake.

"Président alisema ngambo. Na miye nikasema ngambo."

"Ukiwa kule?"

"Nikiwa kule."

Aimée alimkasirikia baba yake kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Alibandika namba yake kifuani, akatoboa mfuko mweusi wa plastiki matundu ya kichwa na mikono, akauvaa juu ya shati, akatoka. Papa Constant akatoka nyuma yake bila kuambiwa.

Hakuna mtumbwi uliokuwa unavuka. Mitumbwi ya abiria ilikuwa imefungwa ukingoni, imejaa maji, na wenye mitumbwi walikuwa wamejibanza chini ya bati wakivuta sigara moja kwa zamu. Tonton Jephté aliutazama mto, ambao ulikuwa umepanda na kubeba magogo, akamtazama Aimée na mfuko wake mweusi.

"Miye naogopa," alisema. "Lakini panda."

Walivuka. Jephté alipiga kasia mbele, Papa Constant alikaa nyuma akitoa maji kwa kidumu kilichokatwa, na maji aliyoyatoa yalirudi kutoka juu kwa haraka ile ile. Gogo moja liligonga ubavu wa mtumbwi, likawageuza kidogo, likaenda zake. Aimée alikaza macho pale mvula ilipoishia, akihesabu moyoni makasia yaliyobaki kufika juani. Upande wa pili filimbi ya kuwakusanya wakimbiaji ilikuwa imekwisha kulia mara ya kwanza.

Walifika pale. Hawakutoka kwenye mvula. Mwisho wa mvula ulisogea mbele kidogo, ukabaki umbali ule ule. Nyuma yao Lubunga iliendelea kunyeshewa kama kawaida, lakini juu ya mtumbwi kipande cha mvula, kipana kama ua wa nyumba, kilikuwa kimewasindikiza. Jephté aliacha kupiga kasia. Mvula ikasimama pamoja nao. Akapiga, ikaenda.

"Iko inatufuata," Jephté alisema, kwa sauti ya mtu anayesema kwamba kasia limepata ufa.

"Ningesema Lubunga, ingebaki Lubunga," Papa Constant alijibu. "Nilisema ngambo. Na ngambo iko kila fasi tuko."

Walipokaribia bandari waliona kwamba hawakuwa wa kwanza. Watu wa Lubunga waliokuwa wamelala mjini usiku ule, kwa dada, kwa shemeji, kwa kazi ya ulinzi, walikuwa wameamka kila mmoja na mvula yake. Mama mmoja muuza mikate alikuwa na mvula ndogo, ya ukubwa wa meza, juu ya kichwa na beseni lake. Kamati ilikuwa imewakusanya mapema, kwa upole, ikawapanga juu ya benchi nyuma ya maghala, mahali ambapo wageni hawapiti, na ikawapa chai. Walikuwa wamekaa pale wakiinywa. Vikombe vyao havikuwa vinapungua.

Monsieur Hubert alishuka mbio hadi majini, kipaza sauti mkononi, viatu vyake vyeupe vikiingia mchanga. Nyuma yake wakimbiaji walikuwa wananyoosha miguu juani, na wageni walikuwa wamekaa chini ya hema ambalo, kwa kuwa mvula ilikuwa imefungwa, lilikuwa la kivuli tu.

"Papa Constant! Unatuletea nini huku?"

"Mutoto yangu, Président. Yuko na namba."

"Namba minaona. Minaona na ile ingine yenye iko juu yake." Hubert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni. Alishusha sauti. "Alors, Aimée, sikiliza. Ungekuwa unakimbia nyuma, hatungesema kitu. Mais weye unakimbiaka mbele. Barabara inaloa mbele, na batu bote banakuya nyuma juu ya mayi. Banaanguka. Bageni banaona mvula, banasimamisha course, mbio imekufa. Na sheria, règlement, iko wazi, course ya mvula si course. Avion inarudi na kiti bule."

"Mungoje kesho," Aimée alisema.

"Avion haingojee kesho."

"Sasa nifanye nini?"

Hubert alifikiri kweli, jasho lilionekana. "Bon. Kimbia nyuma ya bote. Nyuma ya ambulance. Usipite mutu. Ukifika Bangboka umefika, tunakupatia médaille ya kushiriki."

Filimbi ililia mara ya pili. Katungu alikuwa ametoka kwenye mstari na kuja hadi ukingoni, miguuni viatu vipya vya mbio ambavyo baba yake aliviagiza mbali. Alikuwa amesikia yote.

"Shuka tu, Aimée," alisema. "Shuka, ukimbie. Usibasikilize."

Alisema kutoka moyoni, na Aimée alijua. Alivua mfuko mweusi, akapitisha mguu juu ya ubao wa mtumbwi, akakanyaga mchanga wa mjini. Mvula ikapanda naye. Tone la kwanza lilianguka juu ya kiatu cha Katungu, na Katungu akarudi nyuma. Hakukusudia. Mdomo wake ulikuwa bado unasema "shuka". Ni miguu tu iliyorudi. Na nyuma yake wasichana wote waliokuwa mstarini wakarudi hatua moja, kila mmoja akiangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Papa Constant aliposimama. Aliweka kidumu chini, akatoa kamba ya rafia mfukoni. Ua wa kamati ulikuwa pale pale, nyuma ya hema.

"Mutoto yangu hakimbie, hakuna mutu anakimbia," alisema. Hakuvaa shati safi. "Minaenda kufungua. Inyeshe huku, inyeshe kule, inyeshe kwa mupunga."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kikatoa pumzi ya Hubert hadi chini ya hema, na wageni wawili wakageuka.

Aimée alitamani. Kwa muda wa pumzi ile moja alitamani kwa moyo wake wote kuona maji yakiliangukia hema, na bendera, na viatu vyeupe, na vile vipya vya Katungu. Aliona barabara nzima ya Bangboka imeloa na wote wamesimama chini ya vibaraza wakisema "mvula". Ilikuwa raha. Kisha akamwona Katungu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kuanza kulia kwa aibu ya miguu yake. Katungu naye mwaka ujao angekuwa na ishirini.

"Papa," alisema, "rudi ndani ya pirogue."

"Aimée."

"Mbele wananikataza. Nyuma miye sikimbie. Rudi."

Aliurudisha mguu ndani. Mchanga ulibaki na alama moja ya kiatu, imejaa maji. Papa Constant alikaa, akachukua kidumu, akaanza tena kutoa maji. Monsieur Hubert alipumua, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Nitawaambia batu ya radio: absente, hakufika sababu ya mvula," alisema, kama mtu anayetoa zawadi. "Absence justifiée. Hakuna mutu atakulaumu, mutoto."

Walikuwa hawajafika nusu ya mto filimbi ya tatu ilipolia. Aimée alisikia kelele za watu, kisha miguu, mingi, juu ya barabara kavu. Miguu ina sauti yake juu ya barabara kavu. Aliisikiliza hadi mvula ilipoifunika, na ndipo alipolia, akiwa ameketi wima, namba kifuani. Tonton Jephté aliimba wimbo wa wapiga kasia kwa sauti kubwa mno ili kilio cha Aimée kisisikike.

Mchana radio ilisema kwamba mbio zilikwenda vizuri, katika hali ya hewa nzuri sana, na kwamba mshindi kwa upande wa wasichana alikuwa Katungu. Mshiriki mmoja tu hakufika, kwa sababu ya mvula. Mtangazaji alisoma habari hizo mbili moja baada ya nyingine, hakusita. Chini ya bati la Papa Constant, ambako majirani walikuwa wamekuja kukaa kwa kuwa kwao kulikuwa kumeingia maji, hakuna aliyesita pia. Jirani mmoja alimpa Aimée pole. Alisema mvula ni mvula.

Jioni ndege ilipita juu ya Lubunga ikielekea Kinshasa. Hawakuiona. Waliisikia juu ya mawingu, na Mama Germaine akafanya ishara ya msalaba kwa ajili ya Katungu, ambaye alikuwa hajawahi kupanda ndege.

Baadaye kidogo Monsieur Hubert alipiga simu. Alimsifu Papa Constant: wageni waliondoka wamekauka, walisema hawajaona mji wenye mpangilio kama huu. Ila asije kesho kulifungua fundo. Alhamisi kulikuwa na uzinduzi, Jumamosi arusi ya mpwa wake, na wiki inayofuata bado ilikuwa inapangwa.

"Iachake tu kule," Hubert alisema. "Si mumeishaizoea?"

"Ndiyo, Président," alisema Papa Constant, na adabu yake ilipomtoka mdomoni alifunga macho.

Simu ilikatika. Mvula iliendelea kupiga bati. Mama Germaine alisogeza beseni chini ya tone jipya, akasimama, akamfuta bintiye uso kwa ncha ya kitenge.

"Aimée, sema weye."

"Niseme nini?"

"Papa yako alisema akiwa kule. Weye uko hapa. Kutoka hapa, ngambo iko kule. Ambia mvula."

Lilikuwa wazo la akili na wote waliliona hivyo. Papa Constant mwenyewe alimpa kamba, ingawa alijua kwamba fundo halikuwa la kufungulia pale. Labda neno lingetosha. Jephté alizima radio. Majirani walisogeza viti kumpisha, na Aimée akaenda kusimama kizingitini, bila viatu, akaelekea mto na mji ulio upande wa pili, ambako taa zilikuwa zinaanza kuwaka juu ya barabara kavu. Namba ilikuwa bado kifuani. Alikuwa amekataa kuitoa. Aliinua mkono, akaonyesha kidole mji, ili kusiwe na kosa.

"Mvula," alisema, kwa sauti ambayo hata maghala ya bandari yangeisikia, "nenda ngambo."

Mvula ilisimama. Bati lilinyamaza, matone yaliyokuwa njiani yakabaki hewani, na barabara nzima ya Lubunga watu walitoa vichwa milangoni. Papa Constant aliacha kupumua. Aimée hakushusha mkono.

Kisha mvula ikaendelea kunyesha, pale pale, juu ya bati lile lile. Ilikuwa imekwisha kufika ng'ambo.